Tupeane uzoefu: uliwahi kutembezwa kisiwa cha volkano kwa siku moja? Yalikukuta yapi?

Binti Langoni
Asalaam aleikum jamani. Leo nimefungua sanduku natafuta leso, nikakuta jiwe. Jeusi, jepesi, limejaa vitundu kama mkate wa kumimina. Nililiokota Singani, Ngazidja, kile kisiwa kikubwa cha Komoro, na siku ile yote ikanirudia hapo hapo nimeshika mfuniko.

Tulikwenda arusini. Arusi za kule mnazijua, siku hazihesabiki na usingizi hakuna. Ikatokea siku moja haina shughuli, mume wa shangazi akasema yupo kijana anatembeza watu kwa gari, kikundi kidogo, asubuhi mnatoka Moroni, magharibi mmerudi. Tukawa sita: mimi, mama mdogo, mwalimu mmoja wa Mombasa, mabibi wawili wa Kifaransa, na baba mmoja ambaye hakusema neno tangu asubuhi hadi jioni. Mpaka leo sijui alikuwa wa nani.

Sasa mimi ni mtu wa Lamu. Gari kwangu ni kitu cha Mokowe, ng'ambo huko bara. Zile kona, na kule wanaendesha upande wa kulia, kila gari likitokea mbele nasoma shahada. Nilitapika kabla hatujafika Iconi, na Iconi na Moroni ni pua na mdomo.

Mama mdogo naye akanuna. Kila akimpa yule kijana kitu, kijana anajibu "marahaba". Mama mdogo akaninong'oneza, "Huyu kaamkiwa na nani?" Nusu ya siku amemnunia. Kumbe kwao marahaba ndiyo asante.

Singani ndiyo iliyoninyamazisha. Mlima Karthala ulipasuka mwaka 1977, moto ukashuka ukapita juu ya kijiji. Leo ni jabali jeusi limelala, na watu wamerudi kujenga papo hapo. Kijana akatwambia nyanya yake alikimbia na sufuria ya wali mkononi, dhahabu akaiacha ndani. Wale mabibi wanapiga picha tu. Mimi nikaona haya kupiga picha, nikaliiba hilo jiwe.

Baadaye tukapelekwa kaskazini, karibu na Mitsamiouli, kwenye ziwa la chumvi lililo ndani ya shimo la volkano. Wasema palikuwa na kijiji, akaja mtu kuomba maji ya kunywa akanyimwa, kijiji kikazama.

La kuudhi: tulikubaliana chakula kimo ndani ya bei. Saa nane mchana tumeshushwa kwa shemeji yake, tukala, tukalipa upya. Samaki alikuwa mtamu, siwezi kusema uongo.

Haya, leteni yenu. Si lazima iwe Ngazidja.

Kijana wa Barani
Huyo shemeji yuko kila kisiwa duniani.

Bi Mkubwa wa Gadeni
Kweli kabisa. Na samaki huwa mtamu kweli, ndio maana hatushitaki.

Mama Maweni
Mimi bahari siivuki, lakini ulivyotaja kijiji kuzama umenikumbusha lile korongo jekundu la Marafa. Tulikwenda na kikundi cha akina mama kutoka hapa Malindi, watu wanane kwa matatu ya kukodi. Gaidi wetu akasimama ukingoni akatwambia ile ni volkano iliyozimika, na ule wekundu ni kuungua. Sote tukaamini, mmoja akauliza kama unaweza kulipuka tena, gaidi akasema "Mungu ndiye ajuaye."

Mzee wa Mkomani
Mama, andika mtembezaji. Neno hilo sisi tunaokaa huku Lamu likisomwa vibaya hatulali.

Mama Maweni
😂 Astaghafirullah. Mtembezaji. Nimefuta moyoni.

Mwalimu Hesabu
Marafa si volkano hata kwa dawa. Ni mchanga uliogandamana, mvua na upepo vinaula kila mwaka. Rangi ni ya madini ya chuma. Huyo mtembezaji aliwauzia hewa.

Mwana Nyari
Wewe mwalimu taratibu. Mimi ni wa Marafa. Kwetu panaitwa Nyari, maana yake palipobomoka penyewe, na hakuna mtembezaji wa kwetu anayesema volkano. Sisi husimulia ile ya tajiri na jamaa zake waliokuwa wakioga maziwa, wakadidimizwa kwa kufuru yao. Nyeupe ni maziwa, nyekundu ni damu. Huyo wa volkano mlikuja naye kutoka mjini.

Mama Maweni
Tulikuja naye kutoka mjini, ni kweli.

Mwana Nyari
Basi.

Mwalimu Hesabu
Na maziwa nayo ni sayansi?

Mwana Nyari
Maziwa ni adabu. Kule Ngazidja wamenyima maji wakazama, huku wameoga maziwa wakazama. Wewe endelea na mchanga wako.

Mvuvi wa Mayungu
Tukiwa kwenye Ngazidja, walikuonyesha yule samaki wao wa zamani, gombesa? Wana mmoja kwenye makumbusho ya Moroni. Watembezaji wa kule hujidai kama wanaye wao tu. Waambieni huku Malindi alinaswa mwaka 2001, na makumbusho yetu yanaye.

Binti Langoni
Hatukuonyeshwa, muda ulikwisha kwa shemeji.

Fundi Milango
Sikutaka kuandika, lakini hii mada imenitoa usingizini.

Mwaka 2011 nilikwenda Moroni kufunga milango ya nakshi niliyoichonga hapa Lamu. Kazi ikaisha siku mbili mapema. Kila asubuhi ule mlima naukuta mbele yangu, umejifunika wingu kama bi harusi. Nikasema siondoki sijaupanda. Nikapelekwa kwa mtembezaji mmoja, akasema kuna watu wanne tayari, nikawa wa tano. Siku moja, kwenda na kurudi, tutoke saa kumi na moja alfajiri kijiji cha Mvouni.

Tulitoka saa moja u nusu. Tulikuwa twamngoja mtu. Huyo mtu alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, amevaa viatu vya kwendea ofisini.

Karthala una mita 2,361. Mimi mlima mrefu niliopanda maishani ni vilima vya mchanga vya Shela. Kwanza mashamba ya migomba, halafu msitu una giza na unateleza, halafu miti inakuwa mifupi mpaka inakuwa vichaka, halafu jivu. Na hakuna aliyeniambia jambo moja: kisiwa kile hakina mto. Mvua inanyesha kweli kweli, lakini jiwe lote ni tundu, maji yote yanazama chini. Mimi nimebeba chupa moja nikijua mlimani hakukosi chemchemi. Saa sita chupa imekwisha.

Saa tisa tukafika ukingoni. Wallahi sijui niseme nini. Ni shimo la kilomita tatu na zaidi kutoka ukingo hadi ukingo. Ungeutia mji wetu wote humo na punda wake wote na nafasi ikabaki. Chini kabisa kuna shimo jingine ndani ya shimo. Kimya. Hata ndege hakuna. Nilikaa nikasahau kiu.

Tukahesabiana. Tuko watatu, na mtembezaji. Wawili vijana wamebaki nyuma. Mtembezaji akasema kaeni hapa hapa, nawafuata, narudi. Akaondoka. Dakika kumi hazijafika, ukungu ukapanda kutoka huku na ukapanda kutoka kule. Mkono wangu nauona, kidole cha mwisho hakionekani.

Saa kumi na moja. Saa kumi na mbili. Mzee akakaa chini, akavua viatu, akasema "Mimi nimefika, nendeni." Nikamwambia baba, tutakwenda wapi? Baridi ile mtu wa pwani hajaumbiwa. Tukakaa watatu migongo imeshikana nyuma ya jiwe, mwenzetu wa tatu anasoma Yasin, akifika mwisho anaanza upya. Kiu ikawa mbaya kuliko baridi. Mwisho nikavua kikoi changu nikakitandaza juu ya vichaka, ukungu ule ukakilowesha, nikakikamua mdomoni mwa mzee. Nikatandaza tena. Usiku kucha kazi yangu ikawa hiyo, kutandaza na kukamua. Maji yana ladha ya moshi na sabuni.

Karibu na saa nane usiku tukaona tochi. Mtembezaji amerudi na wanaume sita wa kijijini. Kumbe wale vijana mmoja aliteguka mguu, akabidi amteremshe kwanza. Hakutukimbia. Nilikuwa nimemtukana kwa masaa manane moyoni, nikamwomba radhi kwa machozi, naye hata hajui namwombea nini.

Mzee akateremshwa kwa machela ya miti. Tulipofika Mvouni jua limetoka, akapewa chai, akanywa, akatazama kila mtu, akasema maneno yake ya kwanza tangu usiku: "Mtanirudishia nusu ya pesa?"

Bi Mkubwa wa Gadeni
Subhanallah.

Kijana wa Barani
Nimesoma nimesimama. Mzee alirudishiwa?

Mama Maweni
Alirudishiwa??

Mwalimu Hesabu
Nina shaka na kikoi. Ukungu unaloweshaje nguo mpaka ikamulike?

Mzee wa Mkomani
Mwalimu, wewe hujalala baharini. Tanga likiachwa usiku asubuhi linatiririka. Wacha watu wasimulie.

Mwalimu Hesabu
Tanga ni kubwa, kikoi ni kidogo. Nauliza tu.

Mvuvi wa Mayungu
Kauze hesabu zako huko.

Kijana wa Barani
Fundi, mzee alirudishiwa?

Nahodha Mstaafu
Wanangu, yeo mwawasema watembezaji peke yao. Mimi nimetia wageni dauni miaka thalathini. Nisikizani na upande wangu. Kwenda Takwa, kwenye yale magofu ya kisiwa cha Manda, ndia ni ule mkondo wa mikokoni, nanyi mwajua, mai yakitoka hupiti hata kwa mtumbwi. Nimewambia wageni wangu, watu sita, saa nane tuwe tumeondoka. Mmoja anapima lile kaburi la nguzo kwa hatua, mwingine amelala msikitini anatazama juu. Nawaita, wanipungia mkono wakidhani nawaamkia. Tumetoka saa tisa u nusu. Dau likakaa tope nusu ya ndia. Hapo tumekaa mpaka mai yarudi usiku, ndaa, na imbu hawana huruma. Asubuhi mgeni mmoja amekwenda kusema nahodha hajui saa. Saa naijua. Mwezi ndio usiomngoja mtu.

Mwana Nyari
Mzee kasema. Ila Takwa si volkano 😂

Nahodha Mstaafu
Najua si volkano, mwanangu. Manda ni tumbawe tupu. Nimesema ya kutembeza.

Bi Mkubwa wa Gadeni
Mnaisema Ngazidja kama ng'ambo ya mbali. Habib Swaleh, aliyeanzisha msikiti wetu wa Riyadha hapa Lamu, si alitoka huko huko akaja akakaa nasi? Kila Maulidi mnakula na wageni wa Kingazidja pale Riyadha, halafu mnashangaa marahaba.

Binti Langoni
Bi Mkubwa, mama mdogo hajasikia hilo. Nitamfikishia.

Mgeni Mdogo
Mimi mwezi ujao nakwenda, nimeshalipia siku moja ya kuzunguka kwa gari na siku moja mlimani. Nifanyeje jamani? Mumenitisha.

Kijana wa Barani
Lipa nusu, nusu ukirudi salama.

Mvuvi wa Mayungu
Usilipe nusu. Ukilipa nusu atakutembeza nusu. Lipa yote mbele ya watu wa kwao.

Mama Maweni
Beba tangawizi ya kutafuna kwa zile kona. Na ndimu.

Mwalimu Hesabu
Maji lita tatu au nne kwa kichwa, na koti la mvua. Uliza kabla: chakula kimo? Mtembezaji wa pili yupo wa kubaki na walio nyuma? Mkichelewa kuondoka, nani anaamua mgeuke? Kama jibu ni "tutaona", usipande. Halafu uliza mlima umetulia au la. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, ile ya Novemba jivu likaingia kwenye birika za mvua, watu wakakosa maji ya kunywa.

Mzee wa Mkomani
Leo mwalimu umesema la maana.

Fundi Milango
Nilikuwa kazini. Mzee hakurudishiwa. Mtembezaji alimjibu, "Baba, wewe umeteremka kwa machela, wenzio wameteremka kwa miguu. Wewe ndiye unadaiwa." Mzee akacheka mpaka chai ikamwagika, akaongeza pesa kidogo.

Na kikoi ninacho, mwalimu. Njoo Mkomani tukitandaze.

Mwalimu Hesabu
Huku hakuna ukungu.

Fundi Milango
Ndio maana nakualika.

Mgeni Mdogo
Mlimani nimefuta. Nimebakisha gari. Binti Langoni, huyo kijana wa marahaba bado anatembeza? Na lile jiwe hulirudishi? Kuna mtu kaniambia mawe ya volkano hayachukuliwi, yana mikosi.

Binti Langoni
Anatembeza, nitakuulizia kwa shangazi. Muulize mapema shemeji anapika nini siku hiyo. Jiwe silirudishi. Tangu asubuhi mama mdogo kalichukua anasugulia visigino.