Tupeane uzoefu: Uliwazoeshaje mbwa wa nyumbani kuishi na sungura?

Himbi, Goma

Ndugu wapendwa, tangu mwezi uliopita binti yangu anafuga sungura mweupe, si wa kitoweo bali wa kupendwa tu, jambo ambalo majirani bado wanalicheka, kwa kuwa hapa kwetu sungura hujulikana zaidi kwenye sahani. Tuna mbwa wawili ambao mchana hufungwa nyuma ya nyumba na usiku hufunguliwa walinde parsele, yaani kiwanja chetu. Mdogo hubweka kila anapokiona kizimba. Mkubwa hukaa kimya akikitazama, nami nikadhani huyo ndiye mwenye adabu. Naomba waliopitia hali hii watueleze walivyofanya, na hasa walipokosea.

Nguba, Bukavu

Naomba nianze na huyo mkimya, kwa sababu ndiye anayenitia wasiwasi. Mbwa wangu naye hakubweka hata mara moja: alikaza mwili, akafumba mdomo, masikio yakaelekea mbele, macho yakaganda kwenye waya, na alipoitwa hakusikia. Mkia ulikuwa ukitikisika, nasi tukaufurahia mkia. Siku ya nne mtoto alifungua kizimba abadilishe majani, sungura akaruka, na mbwa akawa ameshamshika kabla hatujanyanyuka. Alimwachia akiwa hai, na matundu mawili madogo mgongoni ambayo manyoya yaliyafunika, tukasema ni bahati. Baada ya siku chache pakavimba usaha, akaacha kula, na sungura asiyekula kwa nusu siku tu tayari yuko hatarini, kwa kuwa matumbo yake husimama. Daktari wa mifugo alilipasua jipu, akapona.

Tulianza upya. Sungura alikaa wiki mbili katika chumba chenye mlango unaofungwa, bila kuonana na mbwa, huku kitambaa alicholalia tukimpelekea mbwa anuse, na cha mbwa tukikiweka karibu na kizimba. Kisha mbwa aliletwa akiwa na kamba shingoni, baada ya kutembezwa hadi achoke, akakaa umbali wa mita tano au sita, na kila alipoyaondoa macho kwa sungura na kunitazama mimi alipata sambaza mmoja mkavu, yule samaki mdogo wa ziwani. Akikaza macho, tulirudi nyuma mpaka alegee. Zilikuwa dakika tano, mara mbili kwa siku, kwa miezi miwili. Hata leo siwaachi peke yao.

Katuba, Lubumbashi

Kwangu haikufaulu, nami naona hilo nalo lisemwe. Mbwa wangu amezoea kukimbiza panya na kuku wa jirani, na kila alipomwona sungura alitetemeka akilia kwa puani, hata nyama haikumgeuza. Baada ya wiki sita niliacha. Sungura anaishi ndani, na komeo liko juu, mahali watoto wasipofikia.

Kosa langu lilikuwa kumbeba sungura mikononi ili mbwa amnuse: alipiga mateke, akaniparura, nusura aanguke, na mateke ya namna hiyo yanaweza kumvunja uti wa mgongo. Afadhali akae chini, awe na boksi lenye milango miwili, aamue mwenyewe kusogea au kujificha.

Keshero, Goma

Ndugu wa Nguba, sungura mwenyewe huonyeshaje kwamba ameridhika?

Nguba, Bukavu

Hula mbele ya mbwa, hujisafisha uso, na siku moja utamkuta amejinyoosha ubavu. Akigonga sakafu kwa miguu ya nyuma, au akiganda macho yamemtoka, mwondoe mbwa mara moja. Wengi hudhani kule kuganda ni utulivu, kumbe ni hofu.

Himbi, Goma

Nawashukuru. Jioni hii nilisimama kando ya kizimba nikamwita yule mkubwa kwa jina mara tatu, huku nimeshika mfupa. Hakugeuka. Kizimba kimeshahamia chumbani kwa binti yangu.