Binti amejifungia chumbani likizo nzima: nianzie wapi?

MamaMoro: Habari zenu. Binti yangu wa kidato cha pili anasoma shule ya bweni, na tangu arudi likizo hali chakula vizuri, analala mchana kutwa na amekataa hata kusuka nywele. Mwalimu wa darasa anasema ni uvivu, kwa kuwa alama zimeshuka. Nianzie wapi?

MwalimuMstaafu: Pole, dada. Uvivu haumwondolei mtoto hamu ya chakula. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, kwa hiyo si wako peke yake. Muulize taratibu kuhusu maisha ya bwenini, hasa uonevu, na kusomewa matokeo mstarini, jambo ambalo kwangu ni udhalilishaji mtupu.

Muuguzi_K: Hali ikizidi wiki mbili, mpeleke hospitali, akitaja kujidhuru, usisubiri hata siku moja. Akiona haya kuzungumza nawe, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni bure.

MamaMoro: Asanteni. Kumbe amemwambia mdogo wake kwamba anamwogopa kiranja wa bweni. Nitamwona mwalimu wa malezi kabla shule haijafunguliwa.