Hilux 3.0 D4D au Land Cruiser mkonga 1HZ kwa kuvuta tela la maji, ipi itanifaa?

boza la Ihumwa

Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma, nauza maji ya kisima kwa watu wanaojenga huku Ihumwa, Mtumba na Nzuguni. Nina tela langu la kuchomelea, ekseli mbili, juu nimefunga tanki la plastiki la lita 2000, na mara moja kwa mwezi nalishusha tanki naenda na tela Mafinga kupitia Mtera kuchukua mbao. Mpaka sasa navuta na gari ya kukodi, yaani mwezi mzima nahangaika alafu nikipiga hesabu naona nimemfanyia kazi mwenye gari. Nimeamua nitafute yangu.

Nimeona mbili mkononi. Ya kwanza Hilux ya 2009, 3.0 D4D, gia za mkono, kabini moja, inasoma kilomita 210,000, bodi safi kabisa na ukiwasha inaitika mara moja. Ya pili Land Cruiser mkonga ya 2004, injini 1HZ, bodi imechoka, milango inalia, dashibodi imesimama kwenye 380,000 sijui tangu lini, na bado mwenyewe anataka milioni sita zaidi ya yule wa Hilux. Kijiweni wengine wananiambia mkonga utanifilisi kwa mafuta, wengine wanasema D4D ikifa injekta (zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda) utauza kiwanja. Nataka kusikia kwa mtu aliyevuta mzigo kweli, inakula kiasi gani na inadumu vipi. Na nikienda kukagua niangalie nini?

fundi nozeli, Iringa

Mkuu hiyo injini ya Hilux ni 1KD, cc 2982, ina nguvu nzuri tu na mimi siichukii, ila naifungua sana hapa gereji kwa hiyo nikwambie inavyokufa. Injekta zake zimekaa juu ya washa za kopa (pete za shaba). Washa ikichoka, moshi wa silinda unapita pembeni ya injekta unaingia kwenye oili, oili inashika masizi, masizi yanashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba ile chujio ya pampu ya oili. Gari inaendelea kutembea vizuri, dereva hana habari, siku moja anapandisha mlima na mzigo taa ya oili inawaka, akisimama ndo imeshakula metali (beringi za ndani ya injini). Mwezi uliopita nimeshusha sampu ya moja, chujio imejaa vitu vyeusi kama majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio ya jikoni, tundu zilizobaki wazi unaweza kuzihesabu kwa vidole. Mwenye gari alikuwa anabadilisha oili kila akikumbuka.

Kwa hiyo ukienda kukagua, mwambie asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti, iwe baridi. Ukiwasha sikiliza, ikigonga kama nyundo dakika ya kwanza alafu ikanyamaza ikipata moto, hiyo ni injekta hata akikuapia. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), ikipuliza kama birika achana nayo. Nenda na mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta, asome marekebisho ya mafuta kila silinda, zikikaribiana na sifuri ni nzuri, moja ikipanda peke yake hiyo ndo mgonjwa. Na ukinunua, siku ya kwanza kabisa shusha sampu uangalie chujio kwa macho yako, gasketi haina bei kubwa. Ukibadilisha injekta lazima namba zake ziingizwe kwenye kompyuta ya gari, fundi anayezipachika tu bila mashine mkimbie. Taimingi belti yake ni kila kilomita 150,000, hiyo ya 210,000 muulize ilibadilishwa lini na akuoneshe risiti.

Mafuta nayo. Tangu EWURA, wale wanaosimamia mafuta, waanze kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochanganywa) 2010 uchakachuaji umepungua ila wa kwenye madumu bado upo, na mafuta ya taa hayana ulainisho wa kutosha kwa pampu ya presha kubwa kama ya D4D. 1HZ itavumilia kidogo, pampu yake ni ya kizamani ya kuzunguka, haina kompyuta, D4D haivumilii.

dereva wa Mtera

Nimevuta miaka saba na 1HZ, njia hiyohiyo ya Dodoma Iringa, kwa hiyo ngoja niseme ninachokijua. Ni cc 4164, silinda sita, haina turbo, kwa hiyo mlimani haiendi kwa haraka, utapitwa na mabasi na utazoea. Mtu akikwambia ufunge turbo usimsikilize, hedi zake zinapata nyufa ukizilazimisha. Taimingi belti kila laki moja. Hayo tu, mengine ni oili, filta na kuhakikisha rejeta haijaziba.

Mafuta: mimi napima kwa kujaza, siangalii mshale. Najaza pampu ileile mpaka ikate mara ya kwanza, naandika kilomita, nikirudi najaza tena pale pale nagawanya. Bila tela napata kama 8 kwa lita, nikivuta tani mbili na nusu napata 5, nikikimbiza inashuka chini ya hapo. Ndugu yangu ana Hilux D4D kama hiyo, kwa mzigo huohuo anapata 7 hivi. Sasa piga hesabu, tuseme unavuta kilomita 1,500 kwa mwezi, mkonga unakunywa lita 300, Hilux lita 214, tofauti ni kama lita 86. Zidisha kwa bei ya EWURA, wanatangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Hiyo ndo gharama yako ya kweli ya mkonga, siyo ndogo, ila siyo ya kukufilisi kama kijiwe kinavyosema.

Lakini mimi kinachonisumbua kwenye maelezo yako ni kitu kingine, hujasema habari ya breki za tela. Maji lita 2000 ni kilo 2000 kamili, hilo tela la kuchomelea halipungui kilo 500 au 600, uko tani 2.6. Hilux ya kizazi hicho kitabu kinaruhusu mpaka tani 2.5 kwa tela lenye breki zake, mkonga tani 3.5. Na tela lisilo na breki, zote mbili mwisho ni kilo 750! Hapo hata swali la injini linakuwa la pili.

Alafu maji yanatembea. Tanki likijaa kabisa lina nafuu, likiwa nusu ukikanyaga breki maji yanakuja mbele yanakusukuma, ukikata kona yanakwenda upande. Niliwahi kuteremka Nyang'oro na tanki lililobaki nusu, sikuwa nimeweka gia ndogo mapema, nikakanyaga breki kwenye kona nikahisi nyuma ya gari inanyanyuliwa na kusogezwa, taratibu tu, kama mtu anavyosukuma meza. Nilisimama chini nikakaa kwenye jiwe karibu nusu saa, mikono inatetemeka. Tangu siku hiyo kama tanki siyo tupu basi limejaa, na mlima nauanza na gia ambayo ningepandishia.

mkulima Uasin Gishu

Salamu kutoka Kenya. Mimi nalima mahindi hapa Moiben, navuta mashine ya kupukuchua shamba kwa shamba na trela ya magunia. Kwa nini hakuna mtu amesema Isuzu D-Max? Yangu ni ya 2013, 3.0, injini ya 4JJ1, inatumia cheni siyo belti, huku kwetu zinaunganishwa Nairobi kwa hivyo spea nazipata Eldoret bila shida. Bila mzigo napata 11, na trela 7 na nusu nikitembea 80. Nikitembea 100 inashuka hadi 6, nimepima mara nyingi juu sikuamini, upepo unakula mafuta kuliko kilima, sana sana magunia yakiwa yamepita kichwa cha gari.

Nayo pia ni komoni reli (dizeli ya presha kubwa kama hiyo D4D), so filta ya dizeli mimi nabadilisha kila 10,000 bila kungoja, na maji ya chini ya filta namwaga kila wiki. Na usivute na gia ya tano injini ikiwa chini inanguruma, rudi ya nne, inakula kidogo zaidi lakini haichemshi na klachi inaishi. Klachi ndio ilinimaliza mimi mwaka wa kwanza, kuondoka kwa matope na mzigo nikishikilia nusu klachi. Hapo hakuna gari ya kulaumiwa, ilikuwa ni mguu wangu.

boza la Ihumwa

Asanteni sana wakuu, nimesoma mara tatu tatu. D-Max huku Dodoma sijaziona nyingi mkononi na mafundi wengi ninaowajua wamezoea Toyota, kwa hiyo nimebaki na zile mbili.

Mrejesho. Kwanza tela nimelipeleka kwenye mzani wa mtu anayenunua nafaka, tupu bila tanki ni kilo 580. Dereva wa Mtera ulilikadiria kwa macho bila kuliona, heshima yako. Kwa hiyo na maji nilikuwa tani 2.6 bila breki hata moja, na kwa gari ya mtu. Nimekosa usingizi siku hiyo.

Pili, Hilux nilimwambia mwenyewe nakuja saa mbili nikafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anapiga mswaki. Boneti ya baridi. Ikawaka, ikagonga karibu dakika nzima kisha ikatulia. Jamaa mwenye mashine akasoma, silinda ya tatu imepanda peke yake, zile nyingine ziko karibu na sifuri. Risiti ya belti hakuna. Nikamwambia nikitoa hela ya injekta nne na belti kwenye bei yake tunaongea, akasema kuna mteja mwingine. Sawa.

Mkonga nimeuendesha na tela tupu mpaka Kibaigwa na kurudi, joto halikusogea, oili safi, chini haivuji zaidi ya unyevu kwenye gia boksi. Klachi imechoka nimempunguzia kwa hiyo.

fundi nozeli, Iringa

Chukua mkonga. Wakati unabadilisha klachi, gia boksi ikiwa chini badilisha na ile sili ya nyuma ya injini, usisubiri ianze kuvuja ushushe tena.

dereva wa Mtera

Na uzito wa mbele ya tela, ile sehemu inayokaa kwenye ndoano, iwe kama asilimia kumi ya mzigo wote. Kwako ni kilo 260 hivi. Ikiwa nyepesi tela linacheza mkia, na mwendo ukizidi huwezi kulituliza.

boza la Ihumwa

Nimelipa jana. Tela liko kwa fundi, anaweka breki kwenye ekseli zote mbili, zile zinazojikamata tela likisukuma gari. Na lile tanki la 2000 nimeliuza, nimenunua mawili ya lita 1000, moja mbele moja nyuma ya ekseli, mteja akitaka nusu namwaga moja lote, lile lingine linabaki limejaa. Fundi wa kuchomelea ananiuliza libaki lipi ili mbele pasiwe pepesi, nimemwambia la mbele, kwa hiyo bomba la kumwagia linaanzia la nyuma.