Kampuni ya bima inakula dakika za madaktari wa usingizi

Ndugu zangu mnaoandaa madai ya malipo ya hospitali hapa Marekani, naomba mnisome hadi mwisho, maana yamenifika kooni.

Hesabu ya huduma ya usingizi, yaani kumlaza na kumlinda mgonjwa wakati wa upasuaji, haina fumbo. Kila upasuaji una uniti (vipimo vya kuhesabia malipo) zake za msingi, unajumlisha uniti za muda, kisha unazidisha kwa bei ya uniti moja. Kwa kanuni ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, ambayo mkataba wetu na kampuni hii ya bima unaifuata, uniti moja ya muda ni dakika 15 na hesabu hufikishwa hadi desimali moja. Sasa tazameni dai hili la mgonjwa aliyetolewa kifuko cha nyongo kwa upasuaji wa matundu: daktari wetu alianza kumwandaa ndani ya chumba cha upasuaji saa 1:42 asubuhi, akamkabidhi kwa wauguzi wa uangalizi saa 3:26. Hizo ni dakika 104, yaani uniti 6.9, na pamoja na 7 za msingi jumla ni 13.9. Wamelipa 13. Karibu robo saa ya mtu aliyesimama kichwani pa mgonjwa akimlinda pumzi imefutwa bila hata neno la maelezo.

Kwenye upasuaji mfupi dhuluma ni kubwa zaidi, kwa kuwa upasuaji wa mtoto wa jicho wa dakika 22 ni uniti 1.5 za muda, nao wanalipa 1, hivyo theluthi nzima ya muda imepotea.

Nimekata rufaa mara tatu. Jibu la mwisho ndilo lililonichoma: sasa wanadai muda uhesabiwe tangu mpasuaji alipochana ngozi, saa 2:10, wakati kanuni inasema wazi kwamba muda unaanza pale daktari wa usingizi anapoanza kumwandaa mgonjwa. Katika dakika 28 hizo wanazozikana ndimo mgonjwa alimolazwa usingizi na kuingizwa mpira wa kupumulia kooni, na yeyote aliyewahi kuingia chumba kile anajua kwamba hicho ni miongoni mwa vipindi vya hatari zaidi.

Kama kuna aliyewahi kurudishiwa desimali zake baada ya rufaa, aniambie aliambatisha nini zaidi ya karatasi ya kumbukumbu ya usingizi na ukurasa wa mkataba. Rufaa ya nne naituma Ijumaa.