Naomba ushauri: mistari hii ya mwanga ni ya moare au ya kasoro?

Wakuu, habari zenu. Nimepandanisha tabaka moja la MoSe2 juu ya tabaka moja la WSe2 (zote ni fuwele nyembamba mno za nusukipitishi), nikilipindisha kwa digrii 2. Kwa pembe hiyo ruwaza ya moare, yaani ile inayotokea tabaka mbili zisipolingana sawasawa, hujirudia kila nanomita 9 hivi. Nikipoza sampuli na kuimulika kwa leza hafifu sana, naona mistari myembamba ya mwanga karibu na eV 1.35 (elektronivolti, kipimo cha nishati), palepale zinapotarajiwa eksitoni, yaani jozi za elektroni na tundu (nafasi iliyoachwa na elektroni), ambazo elektroni iko tabaka moja na tundu liko jingine.

Ninachoomba msaada ni tafsiri. Eksitoni hunaswa kwenye mabonde ya moare, sawa, lakini mkunjo au kasoro ya fuwele nayo hunasa. Najua kipimo kizuri ni ugasumaku: ndani yake kila mstari wa moare hugawanyika kuwili kwa kiasi kinachoelezwa na kigezo g, na g hiyo hulingana kwa mistari yote, takriban 16 pembe ikikaribia digrii 60, na karibu 7 ikikaribia 0. Sumaku yenye nguvu ya kutosha kwa kipimo hicho sina.

Je, polaraizesheni ya mduara (uga wa mwanga kuzunguka kulia au kushoto) peke yake, mistari yote ikiwa na mwelekeo mmoja, ni ushahidi wa kutosha? Na baada ya kupasha sampuli joto, mnahakikishaje kwamba pembe haijasogea?