Kikundi cha Familia: Programu ya Mauzo Imezimika Tena

Shangazi: Imezimika tena jamani. Bodaboda wamejaa mlangoni wanasubiri mikate, mimi naandika kwenye daftari.

Baba Mdogo: Umeme huo. Nunueni betri.

Mjomba: Sava, kompyuta inayoendesha hiyo programu, ni ya kukodi, iko Ujerumani. Umeme wa hapa unaihusu nini?

Baba Mdogo: Basi virusi. Izimeni muiwashe.

Kaka: Shikamooni. Baba Mdogo, subiri kwanza, ikiwashwa upya dmesg, yaani taarifa za mfumo, inafutika. Shangazi, inazimika saa ngapi?

Shangazi: Marahaba. Ile ile, saa kumi na moja alfajiri na dakika kidogo. Mchana haina neno.

Kaka: Kama ina saa yake, kuna kitu kinaamka saa hiyo. Mdogo wangu, ingia kwenye sava, piga dmesg -T | grep -i kill

Dada: "Out of memory: Killed process 1187 (java)"

Kaka: Haya. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, iliisha, Linux, mfumo wa sava, ikaua programu iliyokuwa imekula nyingi kuliko zote: java, ndiyo programu yetu ya mauzo. Ni konda anayemshusha mwenye mzigo mkubwa, hata kama aliyejaza gari ni aliyepanda mwisho. Nani alipanda mwisho? Angalia ratiba ya kazi za sava: crontab -l

Dada: Bakapu tu. 0 2 * * *, inabana mafaili kwa xz -9, kiwango cha juu. Lakini hiyo si saa nane usiku?

Kaka: Saa nane ya UTC, saa inayofuatwa na sava! Sisi tuko saa 3 mbele. Inaanza Shangazi anapofungua dirisha. Na xz -9 peke yake inataka kama MB 674. Java umeipa ngapi?

Dada: -Xmx1536m, yaani hadi MB 1536. Mashine nzima ina RAM ya giga 2.

Mjomba: 😂

Kaka: Java ishuke 768m, xz iwe -6, hiyo inatosheka na MB 94 hivi. Bakapu iende 0 22, saa nne usiku ya UTC, kwetu saa saba usiku. Na swap ya giga 2, nafasi ya diski ya kusaidia RAM, usisahau.

Binamu: Si tuweke Restart=always yaishe? Ikifa inajiwasha.

Kaka: Weka, lakini baada ya hayo. Ukiiweka peke yake itauawa na kufufuka hadi bakapu imalize, na oda iliyokatikia katikati hairudi.

Dada: Nimebadilisha zote. Swap naweka usiku.

Shangazi: Ahsanteni wanangu. Sasa nani anakuja kuingiza oda za daftari? Kurasa tatu, na miwani yangu imevunjika mkono.