Naombeni ushauri: Mark II ya mzee, muziki uongezeke lakini dashibodi isiguswe

Ndama wa Pasua (mleta uzi)
Wakuu, heshima mbele. Nipo Moshi. Mzee wangu macho yamepungua nguvu, kaniachia Mark II GX90 ya 1995. Gari limetunzwa, siti bado zina vitambaa vya kufuma vya mama. Sharti lake ni moja: ile redio kaseti iliyokuja na gari kutoka Japani ibaki palepale, sura ileile.

Shida ni mlio. Spika za mbele zinakwaruza kama mtu anasaga karanga, besi hakuna, na redio haivuki FM 90, stesheni nyingi za huku sizipati. Nilimpelekea fundi mmoja mjini akanipigia hesabu ya skrini kubwa na kuchonga dashi. Nilipokataa akasema basi "anisafishie waya". Kasafisha kweli: plagi ya Toyota nyuma ya redio kaikata, waya kazisokota kwa mkono na kuzifunga solteipu. Bajeti yangu laki nne. Natanguliza shukrani.

Chuma cha Sakina
Weka skrini ya Android maisha yaende. Kaseti zama hizi mkuu?

Bibie wa Njiro
Soma uzi kwanza kaka. Mimi Corolla yangu ilichongwa, nikaweka skrini nzuri. Haikumaliza miezi minne, kioo kimevunjwa, skrini imeondoka, tundu limebaki linanitazama. Kwa kaseti havunjiwi mtu kioo.

Mchuna Waya
Mleta uzi, usianze na redio, anza na milango. Fungua kava la ndani, toa spika, bonyeza ukingo wake kwa kidole. Kwa umri wa gari hilo naweka dau ukingo umeoza. Tafuta spika za inchi 6 na nusu, zile zenye twita (kispika cha sauti nyembamba) katikati, zitakaa nyuma ya wavu uleule wa Toyota. Chonga pete za mbao za kuzishikilia, ila usitumie ubao wa unga wa mbao kama wa makabati. Maji ya mvua yanashuka ndani ya mlango kupitia pembeni mwa kioo, ubao ule unavimba kama andazi. Tumia plaiwudi, upige vanishi pande zote. Yale matundu makubwa ya bati la mlango yazibe, maana besi yako nyingi inapotelea humo.

Masafa: redio za Japani za enzi hizo zinaishia 90, sisi tunakwenda mpaka 108. Kuna kidude kinachochomekwa kwenye waya wa antena, wengi wanakiita ekspanda. Kinashusha masafa. Kama chako kinashusha 12, stesheni ya 98 utaikuta kwenye 86. Redio haifunguliwi hata skrubu.

Kibosho Mjini
Na amplifaya, ile ya kukuza sauti, ni ya lazima? Redio nyingi zinaandikwa 50W x 4, yaani wati 50 kwa kila spika.

Mchuna Waya
Hiyo 50 ni ya kwenye boksi. Bila amplifaya ya nje, umeme wa gari unatoa wati 15 hadi 18 safi kwa kila spika, basi. Mleta uzi nunua amplifaya ndogo ya chaneli nne inayopokea waya za spika moja kwa moja, ifichwe chini ya siti ya abiria. Waya wa umeme utoke kwenye betri, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, isizidi nusu mita. Fyuzi inalinda waya usiunguze gari, hailindi amplifaya. Ukienda dukani kwaruza waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha. Hasi ifungwe kwenye bodi, rangi ikwanguliwe mpaka bati ling'ae. Ukikanyaga mafuta ukasikia mluzi unapanda na injini, rudi kwenye hasi kwanza.

Kibosho Mjini
Nakaa siti ya mbele kufuatilia uzi, na mimi nina Mark II, GX100.

Ndama wa Pasua
MREJESHO. Jumamosi nzima nimeshinda chini ya mwembe na mdogo wangu. Mchuna Waya dau umekula: ukingo wa spika ulimung'unyika mkononi kama mkate wa jana, unga mweusi hadi kwenye kucha. Plagi nimepata kutoka gari la skrepu, waya nimelehemu kwa risasi mmoja mmoja. Amplifaya mwanzoni ilizima kila nikiweka kaseti, kumbe niliiwashia kwa waya unaopandisha antena, na antena inashuka redio ikihamia kwenye kaseti. Nimehamishia kwenye waya unaowaka na swichi, imetulia. Muziki wa simu naupiga kwa ile kaseti ya Bluetooth inayoingia kwenye redio kama kaseti ya kawaida.

Mzee alikaa mbele, tukaenda mpaka Boma Ng'ombe. Kimya. Tulipogeuza akasema, "Naona umesafisha hedi ya kaseti." Nikajibu ndiyo baba.

Bado kava la mlango wa kushoto linatetemeka besi ikigonga. Vile vibanio vya plastiki vya GX90, kwa Arusha au Moshi vinapatikana duka gani?